Kabla ya Kitufe

Nianze na ukweli, usije ukahangaika kumtafuta katikati ya hadithi: mjinga wa siku ile nilikuwa mimi. Si fundi, si Mkuu, si shemeji yangu. Mimi mwenyewe, tena nikiwa nimepiga shati pasi na kuchana nywele, maana nilidhani nakwenda kushuhudia mjinga mwingine akiumbuka.

Wakati huo nilifanya kazi kwenye chumba cha simu za siri katika idara ya kukagua dawa. Chumba chenyewe kilikuwa ghorofa ya pili, mwisho wa korido, mlango wa chuma, na dirisha moja lililopakwa rangi nyeupe ili sisi tusione nje na wa nje wasituone sisi. Kulikuwa na meza mbili zinazotazamana. Juu ya kila meza palikaa simu moja ya rangi ya majivu, nzito kama matofali mawili yaliyogandishwa pamoja, yenye kioo kidogo juu na tundu la kadi ubavuni. Katikati kulikuwa na kompyuta ya kutuma ramani na picha, imeunganishwa kwa waya na simu moja. Kulikuwa pia na kabati la chuma la kufungia kadi, na daftari la kuandika kila simu inayotoka na kuingia. Basi. Hata kalenda tulikatazwa kutundika ukutani, kwa sababu aliyetutangulia kwenye kazi ile alikuwa akizungushia duara siku za msako.

Misako yenyewe ilikuwa ya maghala. Kuna watu, Mungu awaone tu, waliokuwa wakitengeneza vidonge vya chokaa na dawa ya kikohozi ya maji na rangi, wakavitia kwenye maboksi mazuri kuliko ya dawa halisi. Mkuu wetu akishapata habari za ghala, alileta karatasi chumbani kwetu. Sisi tulipiga simu kituo cha wakaguzi kilicho karibu na ghala hilo, na wakaguzi wakaondoka kwenda kuvamia. Tulikuwa na vituo vinne nje ya mji.

Simu zile zilikuwa na adabu zake. Unachomeka kadi, unapiga namba, mwenzako anapokea. Hapo bado mko wazi kama watu wawili wanaoongea barabarani. Yeyote aliyedandia waya anawasikia. Kisha mmoja anabonyeza kitufe chekundu. Simu zinanyamaza, zinapigiana milio ya ajabu kwa sekunde kama kumi na mbili, zinakubaliana ufunguo mpya ambao haujawahi kutumika na hautatumika tena. Kwenye kioo linatokea jina la kituo cha upande wa pili, na chini yake neno SIRI. Ukiliona ndipo unafungua mdomo. Kuanzia hapo kila unachosema kinasagwa kwenye waya kinakuwa kelele tupu, na kinarudi kuwa maneno kwenye sikio la mwenzako tu. Ramani nayo ni hivyohivyo: kompyuta inaikabidhi simu, simu inaisaga, na simu ya upande wa pili inairudisha ilivyokuwa.

Sasa mimi ofisini waliniita Redio. Huhitaji kuelezwa kwa nini. Nimefukuzwa kazi tatu maishani, nimelala njaa kwenye miji miwili, nimepigwa na mtu niliyemfanyia utani bila kujua ametoka kuzika. Utani haukunitoka hata hivyo. Ni kama mguu wa tatu. Bila huo naanguka.

Mwenzangu wa meza ya pili alikuwa dada mkubwa wa mke wangu. Aliletwa kutoka masjala, na naapa si mimi niliyemwombea. Yeye walimwita Kufuli. Mjane, ana mabinti wawili shuleni, na kazi ile ndiyo iliyokuwa nguzo ya nyumba yake. Ikianguka hiyo, paa lote linakuja chini. Akipiga simu ilikuwa hivi: "Kituo cha tatu. Makao makuu hapa. Naingia siri." Kitufe. Mwisho. Mimi nilikuwa nikimtania kwamba hata marehemu kaka yangu alimtongoza kwa maandishi. Marehemu huyo ndiye aliyekuwa mumewe, kwa hiyo tumeoa nyumba moja, yeye ni shemeji yangu pande zote mbili, na haki ya kumtania ninayo maradufu.

"Shemeji," aliniambia siku moja, "unaongea sana kabla ya kubonyeza."

"Nasalimia watu. Salamu nayo ni siri?"

"Bonyeza kwanza, halafu salimia mpaka ukauke."

"Nikishabonyeza hamu inaisha. Zile sekunde kumi na mbili zinaua utani. Ni kama kumchekesha mtu halafu umwambie asubiri aoge kwanza."

Hakucheka. Alifungua daftari lake dogo jeusi, si lile la ofisi, lake mwenyewe, akaandika kitu, akalifunga, akalirudisha kwenye mkoba. Sikulipa uzito. Baadaye nililipa uzito mno.

Msako wa kwanza kuharibika ulikuwa wa ghala la kando ya mto. Tuligawana kazi kama kawaida: sauti mimi, ramani yeye. Wakaguzi walifika alfajiri wakakuta sakafu imefagiwa. Imefagiwa, ndugu yangu, na ufagio umeegemezwa ukutani. Tukasema bahati mbaya. Wa pili ulikuwa wa ghala lililopakana na kiwanda cha mbao. Tupu, hata gazeti la kukalia mlinzi hawakuliacha. Wa tatu ulikuwa wa vyumba vya juu kabisa kwenye jengo la ghorofa sita. Wakaguzi walipanda ngazi zote wakakuta dirisha limeachwa wazi na pazia linapunga, kama linawaaga.

Jumatatu asubuhi Mkuu akaja chumbani, akafunga mlango wa chuma kwa mgongo wake. Alikuwa mtu wa sauti ndogo. Sauti ile ikipungua zaidi, ujue kuna mtu anakwenda na maji.

"Vituo vilikuwa vitatu tofauti," alisema. "Wakuu wa vituo hivyo kila mmoja alijua ghala moja tu. Waliojua yote matatu ni mimi na ninyi. Mimi sijajipigia simu."

Tukaketi wima. Hata mimi.

"Kuna zahanati huko watu wanameza chokaa wakidhani wanatibiwa. Ijumaa nataka jina. Mwenye jina hilo anatoka hapa akiwa na polisi, na kazi hana."

Alipotoka, nilimtazama shemeji. Naye alikuwa ameshanitazama zamani. Tulikaa hivyo, meza kwa meza, kama majogoo wawili waliofungiwa kapu moja.

Najijua, sijauza siri. Nilijitazama ndani nikajikuta msafi kama sahani ya mgeni. Sasa kama si mimi, na si Mkuu, amebaki nani? Hesabu ya darasa la kwanza.

Nikaanza kumchunguza. Na ukishaanza kumchunguza mtu, hata akipiga chafya unaona anampa mtu ishara. Kwanza, nikakumbuka kwamba saa nne kila siku alikuwa akitoka na simu yake ya mkononi, anakwenda nyuma ya tangi la maji, anaongea kwa kunong'ona, mkono umeziba mdomo. Akinikuta nimesimama kwenye ngazi, anakata. Pili, lile daftari jeusi. Mtu wa chumba cha siri anaandika nini pembeni? Tatu, nikafungua daftari la simu la ofisi, nikasoma mwandiko wake wa siku ya ghala la mto. Simu ya data kwenda kituo cha pili, dakika nne. Chini yake tena: simu ya data, kituo cha pili, dakika nne. Ramani moja, safari mbili! Nani alipokea ile ya pili?

"Shemeji," nikamwuliza kwa sauti ya mzaha, "ramani ya mto ulituma mara mbili, ulikuwa unawapelekea na nakala ya ukumbusho?"

"Ya kwanza ilikatika. Soma pembeni nimeandika."

Kweli pembeni pameandikwa 'imekatika'. Lakini mtu mwongo si ndiye huandika vizuri?

La nne ndilo lililonikosesha raha. Nyumbani. Nikiingia sebuleni, mke wangu anakata simu.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na dada."

"Mnaongea nini?"

"Mambo yetu."

"Mambo yenu ndiyo yanakufanya uniangalie kama mgonjwa aliyefichwa ugonjwa wake?"

"Kula, chakula kinapoa." Kisha, nikiwa natafuna, akasema polepole: "Baba watoto, hivi huko kazini unaweza kukaa siku moja bila kutania watu?"

Nikaona picha nzima: dada mtu anauza siri, ananitayarisha mimi niubebe mzigo, na mdogo wake anaandaliwa kuzoea habari. Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nikigeuka namwona mke wangu amelala fofofo, nikawaza, hata usingizi wake una jambo.

Jumanne asubuhi nikaenda kwa Mkuu kabla shemeji hajafika. Nikamweleza yote: tangi la maji, daftari jeusi, ramani ya safari mbili. Niliyasema kwa mpangilio, kwa huzuni ya kutosha, kama mtu anayesoma risala msibani.

"Una uhakika?" Mkuu akauliza. "Ni shemeji yako huyo."

"Mkuu, inaniuma. Lakini kazi ni kazi."

Akavuta droo. Akatoa barua ya kuachishwa kazi iliyokwisha kupigwa chapa, imeachwa nafasi ya jina tu. Akachukua kalamu ya risasi, akaandika jina la shemeji kwenye ile nafasi, kwa wepesi, bila kukandamiza.

"Naliandika kwa risasi," alisema, "kwa sababu sijasikia ushahidi, nimesikia wewe."

Hapo ndipo, kwa akili zangu timamu na mdomo wangu mwenyewe, nilipotoa lile wazo. Nikasema: Mkuu, lete fundi wa simu hizi kutoka wizarani, atie kinasa sauti kwenye waya wetu huko nje, kwenye kisanduku cha mtaani. Asimguse mtu, asiseme kitu. Siku mbili tu. Kama shemeji anaongea na mtu wa nje kwa simu ya ofisi, tutamsikia.

Mkuu akafunga droo. "Wazo zuri," akasema. Nilitoka pale nimevimba kifua kama niliyevumbua umeme.

Fundi alikuja siku ileile saa sita, mwanamke mfupi mwenye begi la zana kubwa kuliko kiuno chake. Nilimwonyesha kwa kidole kisanduku kilipo, mtaani, kwenye kona, kimebandikwa kwenye ukuta wa duka la kushona viatu ambalo lilikuwa limefungwa miezi mingi. Akaenda. Nilidhani atachukua saa nzima. Baada ya dakika ishirini alirudi, akanipita koridoni bila kujibu salamu yangu, akaomba maji kwa karani akayanywa akiwa amesimama, akaingia kwa Mkuu na kufunga mlango. Walikaa humo mpaka watu wakaenda kula na kurudi.

Nikawaza: ameshamnasa. Ile bilauri ya maji ni ya huruma kwa mjane.

Mkuu alipotoka alibadilisha utaratibu. "Kesho Jumatano, simu na ramani ni Redio peke yake. Alhamisi ni Kufuli peke yake. Hakuna kusaidiana."

"Sawa, Mkuu," shemeji akasema.

"Sawa kabisa, Mkuu," nikasema mimi, nikamkonyeza. Hakukonyeza.

Jumatano Mkuu akaniletea karatasi. Ghala nyuma ya kiwanda cha barafu. Kituo cha pili. Mkuu wa kituo cha pili tulikuwa tunamwita Kipara, na kipara chake nimekitania miaka minne. Nikachomeka kadi. Nikapiga. Nilikuwa najua vizuri kwamba kinasa sauti kinazunguka huko mtaani, nakuapia nilijua, mimi ndiye niliyekiagiza. Lakini kwangu kinasa kile kilikuwa cha shemeji, kama vile mtego wa panya si wa mwenye nyumba.

"Kituo cha pili," Kipara akaitika.

"Haloo, mzee wa kung'aa! Umeamkaje? Kichwa hakijambo?"

"Redio, acha ujinga wako bwana, nina watu hapa."

"Basi sikiliza ushauri wa bure. Leo utafute kofia ya sufu. Hicho kichwa kikiganda huko tutakikwangua kwa kijiko!"

Kipara akacheka mpaka akakohoa. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe muda wote ule, ila mdomo bado ulikuwa njiani. Nikabonyeza. Milio. Sekunde kumi na mbili. Kioo kikaandika kituo cha pili, kikaandika SIRI, nami nikasoma karatasi neno kwa neno kama ilivyo, kwa sauti ya kazi. Halafu nikaunganisha kompyuta, nikatuma ramani. Mstari mdogo ukatambaa kwenye kioo mpaka ukajaa. Nikaandika daftarini. Kazi safi. Nilitamani kujipiga picha.

Alhamisi zamu ya shemeji. Nilikaa mkabala naye nimekunja mikono, namtazama kama daktari anayesubiri mgonjwa akohoe. Akafungua kabati, akatoa kadi, akachomeka. "Kituo cha tatu. Makao makuu hapa. Naingia siri." Akabonyeza, akasubiri, akasoma kioo kwa kidole kama mtoto anayejifunza herufi, ndipo akaongea. Aliongea polepole. Akatuma ramani. Ilikatika katikati, akaandika pembeni 'imekatika', akapiga tena, akabonyeza tena, akasoma kioo tena, akatuma tena. Nilitazama kila kitu na sikuona kosa hata moja, na hilo nalo nikaliandika moyoni kama dalili mbaya. Mtu asiye na kosa hata moja anaficha nini?

Alipomaliza akachomoa kadi, akanitazama.

"Unanichunguza, shemeji."

"Mimi? Nakutazama tu. Umependeza."

"Umenichunguza wiki nzima. Ulinifuata mpaka kwenye tangi. Mimi nina watoto wawili, unajua?"

"Wanangu hao pia."

"Basi kama ni wanao," alisema, "jiulize Ijumaa watakula kwa nani."

Nikajifanya natafuta kalamu.

Ijumaa saa tatu. Ofisi ya Mkuu. Shati langu la pasi. Mezani kulikuwa na ile barua, jina kwa risasi, imegeuzwa upande wa shemeji kiasi kwamba aliweza kulisoma. Alilisoma. Alishika mkoba wake kwa mikono miwili, akaukumbatia tumboni. Fundi alikuwa ameketi pembeni na kinasa sauti chake, kidogo kama sabuni ya kipande.

"Kabla hatujasikiliza," Mkuu akasema, "fundi aeleze alichokuta Jumanne."

Fundi alikohoa. "Nilifungua kisanduku nibane waya zangu kwenye waya zenu. Nikakuta nafasi imeshachukuliwa. Kuna waya mbili nyembamba zimebanwa hapo kitambo, zina vumbi. Zinapenya ukutani zinaingia kwenye duka la viatu. Sikuzigusa. Nikabana zangu pembeni yake."

"Polisi wameingia dukani leo asubuhi," Mkuu akaongeza. "Hakuna viatu. Kuna kiti, kinasa sauti, na bwana mmoja."

Nikapiga meza. "Si nilisema! Sasa huyo bwana ndiye aliyekuwa akiongea na…" Nikamwelekezea shemeji kidevu, kwa heshima.

"Tusikilize," fundi akasema. "Hiki ndicho anachosikia mtu wa kwenye waya. Hasikii zaidi ya hapa, wala pungufu. Alhamisi."

Akabonyeza. Sauti ya shemeji ikatoka, ndogo, kavu: Kituo cha tatu. Makao makuu hapa. Naingia siri. Kisha milio. Kisha kelele, kama mvua kubwa juu ya bati. Tukasubiri. Kelele. Dakika nzima ya kelele. Mkuu akaangalia dari.

"Na hiyo kelele?" nikauliza. "Humo ndani ameficha nini?"

"Hiyo kelele ndiyo kazi yake," fundi akanijibu. "Hata mimi siwezi kuifungua, na simu hizi nazitengeneza. Yule wa dukani aliisikia hivyohivyo." Akasogeza mbele. "Jumatano."

Haloo, mzee wa kung'aa!

Jamani. Umewahi kujisikia sauti yako ofisini kwa bosi? Ilijaza chumba. Kicheko changu kilikuwa kikubwa kuliko nilivyokuwa nikikijua, kina mkia. Kofia ya sufu. Kichwa kikiganda. Tutakikwangua kwa kijiko. Kipara akakohoa. Halafu, baada ya yote hayo, milio, na mvua juu ya bati.

Fundi akazima. Hakuna aliyecheka. Kwa mara ya kwanza maishani nilitamani nisiwe na mdomo, niwe na pua tu za kupumulia.

"Ghala la jana, la kituo cha tatu," Mkuu akasema kwa ile sauti yake inayopungua, "limekutwa limejaa. Maboksi mpaka dari. Ghala la juzi, la nyuma ya kiwanda cha barafu, limekutwa tupu."

"Lakini Mkuu…"

"Kufuli, una la kusema?"

Shemeji akafungua mkoba. Akatoa lile daftari jeusi, akalamba kidole, akafungua kurasa. Akasoma kama anasoma orodha ya vitu vya stoo, bila kuinua macho.

"Siku ya ghala la mto, kabla ya kitufe: 'Mwambie dereva wako akunje suruali, leo mnaogelea matopeni.' Siku ya ghala la kiwanda cha mbao, kabla ya kitufe: 'Chukueni vitambaa vya pua, mtapiga chafya kama mbuzi.' Siku ya ghorofa sita, kabla ya kitufe: 'Yule bwana mnene wenu mwacheni apumzike, huko juu lifti hakuna.'" Akafunga. "Nilimwambia abonyeze kwanza. Mara tisa. Tarehe zipo."

"Kwa nini hukuniambia mimi?" Mkuu akauliza.

"Ni mume wa mdogo wangu. Nilikuwa nampigia mdogo wangu kila siku saa nne, namwomba amseme nyumbani, taratibu. Nilidhani akisemwa na mkewe atasikia, na hakuna atakayeaibika. Nilikosea. Kwa hilo niandikie barua yangu, nitaipokea. Lakini hii iliyopo mezani si yangu."

Mkuu alichukua kifutio, akafuta jina kwenye barua. Alifuta kwa uangalifu, akapuliza vumbi lake. Kisha akaiweka kalamu ya risasi pembeni, akafungua kalamu ya wino.

Ningenyamaza hapo, ningeondoka na nusu ya heshima. Lakini nilishakwambia mimi ni nani.

"Mkuu, ngoja kwanza. Ngoja. Tuseme haki. Mimi nimetaja ghala? Sijataja. Nimetaja mtaa? Saa? Tarehe? Hakuna! Kila neno la karatasi yako nimelisema baada ya kitufe, kioo kimeandika SIRI, kama sheria inavyotaka. Matope yako kila mahali. Chafya ni ugonjwa wa kila mtu. Baridi ni hali ya hewa. Huo ulikuwa utani, utani wa watu wawili wanaojuana! Sasa mtu baki, amekaa kwenye duka la viatu, anasikia habari za kofia ya sufu, ataelewaje kwamba ni ghala fulani? Hebu niambieni. Nani angeweza kuelewa?"

Shemeji akasimama, akatundika mkoba begani.

"Wenye maghala wameelewa mara nne, shemeji. Aliyebaki ni wewe."